Karo ya Mgeni, Karo ya Mwenyeji

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika dakika arobaini kabla mlango haujafunguliwa, nikasimama nje huku baridi ikinipekua kama afisa wa forodha. Nilikuwa nimetoka Flemingdon Park, mtaa niliokaa, kwa mabasi mawili. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimefanya safari hiyohiyo, kwenda na kurudi, nikihesabu vituo, ili siku yenyewe nisije nikashukia pasiponihusu. Kabla ya kuja Toronto niliuza mitumba katika soko la Gikomba miaka kumi na mmoja. Nilijua bei ni nini: ni pale watu wawili wanapofika baada ya kudanganyana vya kutosha. Asubuhi ile nikaambiwa kuna mahali ambapo bei huandikwa na haibishaniwi, na kwamba mimi ndiye nitakayekaa nyuma ya kioo kuitamka.

Chuo chetu kilikuwa chuo cha umma cha kawaida, kinachofundisha wauguzi, mafundi umeme, wapishi na watunza hesabu. Jina lake nitaliacha. Meneja wa Karo, mwanamke mrefu mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine imesahaulika kichwani, alinikalisha dirisha namba tatu na kunikabidhi mihuri miwili. Wa bluu ulikuwa wa mwenyeji, yaani raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Wa wino mwekundu ulikuwa wa mgeni, yaani kila aliyekuja kwa kibali cha masomo.

"Mgeni analipa mara ngapi ya mwenyeji?" nikamuuliza.

"Mara nyingi za kutosha," akasema. "Wewe usiulize mara ngapi. Uliza kama faili limekamilika."

Halafu akanipa karatasi ya kiapo nitie saini. Yote nitakayoyaona ndani ya faili la mwanafunzi yatabaki ndani ya faili. Sitamwambia jirani, sitamwambia mchungaji, sitamwambia hata mume wangu. Nikasaini bila kusita. Mfanyabiashara wa Gikomba anayetoboa siri ya mteja hafiki mwezi wa pili. Sikujua kwamba karatasi ile ndiyo itakayonigharimu kuliko zote nilizowahi kusaini, ukiwemo mkataba wa nyumba.

Nyinyi vijana mnaolipa kwa simu mkiwa mmelala, ngoja niwaeleze kazi ilivyokuwa. Kati ya muhuri wa bluu na ule mwekundu palikuwa na njia nyembamba iliyoitwa msamaha wa karo ya mgeni. Watu wetu wakisikia neno msamaha wanadhani ni bure. Ndugu yangu, hapakuwa na bure. Msamaha ulikuwa ruhusa ya mgeni kulipa bei ya mwenyeji, basi. Kwa familia nyingi nilizoziona, tofauti hiyo ilitosha kuamua kama mtoto atasoma ama hatasoma.

Walioruhusiwa kupita njia hiyo waliandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kulikuwa na aliyekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi, mtoto wa mwanadiplomasia, mhubiri aliyeitwa na waumini pamoja na watoto wake. Na kulikuwa na kundi kubwa kuliko yote, mtoto wa mzazi mwenye kibali cha kazi anayefanya kazi ya kutwa. Huyo wa mwisho alitakiwa kuleta karatasi tatu: kibali cha mzazi, cheti cha kuzaliwa na barua ya mwajiri. Kibali kilikuwepo daima. Cheti kilitumwa kutoka nyumbani, na shangazi wa mtu alipanga foleni kukitafuta. Barua ya mwajiri ndiyo iliyotutoa jasho. Mwajiri hana haraka na mtoto wa mtu.

Nilikaa dirisha namba tatu miaka mitano. Kisha wakanipeleka chumba cha mafaili, chini kabisa, mahali pasipo na dirisha, kwa sababu Meneja aligundua kwamba nahesabu kila kitu mara mbili na makosa ya wenzangu yananiangukia mkononi. Huko chini nilisoma kanuni za chuo kama wengine wanavyosoma Zaburi. Nilipopanda tena juu nilipewa dawati la msamaha kwenye tawi letu la Etobicoke, na nikawa mtu wa kwanza pale anayesema Kiswahili. Habari ikaenea. Wakenya wakaja kuuliza karo, Watanzania wakaja kuuliza ada, Wakongo wakachanganya na Kifaransa. Watoto wao walisimama pembeni wakijibu kwa Kiingereza maswali ambayo sikuwauliza wao.

"Auntie, si unipunguzie kidogo tu?" mama mmoja aliniambia, akiegemea kaunta kama tuko sokoni.

"Dada, ningekuwa na uwezo wa kupunguza ningeanza na kodi yangu ya nyumba."

Lakini mkono uliozoea kupatana bei hautulii. Nilitafuta kinachopunguzika nikakipata: siku. Bei haikusogea, ila siku zilisogea ukizijua vizuri. Shikeni mambo matatu hapa, maana yaliyobaki yote yanategemea hayo.

La kwanza ni zuio. Mwanafunzi asiyelipa kwa tarehe iliyowekwa aliondolewa darasani na kompyuta, bila mtu kumgusa. Lakini ombi lake la msamaha likiwa linasubiri karatasi, niliweza kubonyeza zuio kwenye akaunti yake, na kompyuta ikamwacha akae darasani hajalipa. La pili ni siku ya kumi ya masomo. Siku hiyo chuo kilihesabu vichwa na kupeleka hesabu serikalini, kila kichwa na rangi yake. La tatu ni sheria ambayo sisi makarani tuliiita mlango: rangi uliyoingia nayo ndiyo utakayotoka nayo. Ukihesabiwa kwa bei ya mwenyeji muhula wa kwanza, ulibaki nayo mpaka umalize, hata kibali cha mzazi kikiisha njiani. Na ukilipa karo ya mgeni yote kabla ombi lako halijaamuliwa, umekubali rangi nyekundu. Faili linajifunga.

Msajili Msaidizi, bosi wangu wa Etobicoke, mzaliwa wa Trinidadi aliyekula njugu toka asubuhi hadi jioni, alikuwa akinikagua kila wiki. "Grace, una mazuio mangapi leo?"

"Kumi na saba."

"Jana ulisema kumi na nane."

"Jana yalikuwa kumi na nane. Mmoja ameleta barua."

"Siku moja mazuio yako yatanipeleka mahakamani," alisema, akanimiminia njugu kiganjani. Hakunizuia hata siku moja. Alikuwa mtu mwema kadiri kanuni zilivyomruhusu, na kanuni hazikuwa zikimruhusu kwenda mbali sana.

Sasa nije kwa Makena. Si jina lake, ila yeye ni yeye.

Makena alikuwa na miaka kumi na minane, ameitwa kwenye programu ya uuguzi ambayo watu huomba mara tatu ndipo waitwe. Mama yake alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilimjua kwa sababu tulisali kanisa moja, kutaniko la Wakenya lililokodi ukumbi wa shule Etobicoke, na huko mimi niliitwa Mama Mwende, kwa jina la mwanangu. Kibali chake cha kazi kilikuwa hai mpaka Desemba. Masomo yalianza Septemba. Cheti kilikuwepo, kibali kilikuwepo, barua ya mwajiri haikuwepo. Msimamizi wake alimwahidi kila Ijumaa na kila Jumatatu akasahau.

Niliweka zuio. Nikamwita Mama Makena upande wa pili wa kaunta, nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayehesabu noti mbele ya mteja.

"Mama Makena, sikiliza. Usilipe hata senti. Wakikuletea barua ya kudai, iweke kabatini. Ukilipa, mlango umejifunga. Barua ya kazi ikifika kabla ya siku ya kumi, mtoto anasoma miaka yote kwa bei ya mwenyeji. Hata kibali chako kikiisha."

"Na isipofika?"

"Utamkalia msimamizi wako kichwani mpaka ifike."

"Huyo hana kichwa, ana kofia tu." Tukacheka. "Sawa, Mama Mwende. Silipi."

Hayo yalikuwa baina yangu na yeye, na ndivyo kiapo kilivyotaka. Makena mwenyewe alijua kidogo sana. Alijua tu kwamba anakaa darasani hajalipa, na kwa msichana aliyelelewa vizuri jambo hilo lilikuwa kama kukaa mezani kwa watu bila kukaribishwa. Basi kwenye kikundi cha vijana kanisani akaomba aombewe, kwa sababu karo yake haijalipwa.

Mnatujua sisi. Ukisema uombewe karo, hakuna atakayefumba macho.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mchungaji akatangaza harambee. Mama Makena alikuwa zamu kazini, hakuwepo. Nilikaa safu ya tatu nikasikia jina la yule mtoto likitajwa. Watu wakaanza kusimama. Muuguzi mmoja akatoa mshahara wake wa wiki. Mzee mmoja asiye na kazi akatoa kadi ya benki, akauliza kama kanisa lina mashine. Nilijua, mimi peke yangu mle ndani, kwamba pesa nyingi kiasi kile hazikuhitajika. Na sikuweza kusema. Ningesemaje? Simameni, nimeona faili lake? Kiapo kilikuwa kimesimama juu yangu kama mwalimu wa zamu. Halafu kikapu kikafika kwangu, na watu wanajua mimi nafanya kazi chuoni, na wananitazama waone Mama Mwende atatoa nini.

Nikatoa.

Tena mimi ndiye niliyehesabu. Mweka hazina wa kanisa, Mzee Njagi, hakumwamini mtu mwingine. Tukakaa nyuma ya piano, nikahesabu mara moja, nikahesabu mara ya pili, ikatosha karo yote ya muhula na dola tatu juu. Mzee Njagi akafunga bahasha kwa mpira.

Nilijituliza hivi: pesa za harambee hupelekwa mkononi kwa mwenyewe. Ndivyo tulivyofanya daima. Mama Makena atapewa, naye anajua asilipe. Alasiri nikampigia simu.

"Kanisa limekuchangia. Wakikupa, weka. Umenisikia? Weka."

"Nimekusikia, dada. Mungu awabariki. Naweka."

Hata nikalala usingizi mzuri. Nilikuwa nimehesabu pesa mara mbili, ila bahasha inakwenda wapi sikuuliza hata mara moja.

Mzee Njagi alikuwa na kidonda chake. Miaka miwili nyuma tulimchangia kijana mmoja karo, pesa zikapelekwa mkononi, zikageuka friji. Friji ya milango miwili. Mzee aliiona kwa macho yake alipokwenda kumwombea. Akaapa kimoyomoyo kwamba harambee nyingine haitapita mkononi mwa mtu. Kwa hiyo jioni ile alimwomba Makena namba yake ya mwanafunzi, mtoto akampa kwa furaha, na Jumatatu saa tatu asubuhi mzee wa miaka sabini na mbili, amevaa suti ya harusi, alisimama benki akalipa karo yote ya mgeni kwa jina la Makena.

Jumanne, siku ya nane ya masomo, Mama Makena akaingia ofisini akiwa amevaa sare ya kazi, anapepea karatasi. "Nimeipata! Nimemkalia mpaka ameandika!"

Barua ilikuwa nzuri. Ina tarehe, ina muhuri, ina neno "kutwa". Nikafungua faili kwenye kompyuta nikiwa tayari nimeshika kipanya kubonyeza bluu. Zuio halikuwepo. Mahali pa ombi pameandikwa: limefungwa, mwanafunzi amelipa.

"Nini?" akaniuliza. "Mbona hubonyezi?"

"Mama Makena, ulipewa zile pesa?"

"Pesa gani? Bado hawajaniletea."

Nilimweleza. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikunja barua ile mara nne, akaikunjua, akainyoosha juu ya kaunta kwa kiganja, akaniachia. "Labda itafaa," akasema, akarudi zamu.

Nilikwenda kwa Msajili Msaidizi bila kuitwa. Nikamweleza yote. Akaweka njugu chini.

"Nani amelipa?"

"Kanisa."

"Kanisa si mwanafunzi."

"Ndiyo nasema hivyo! Mwanafunzi hajakubali rangi yoyote. Kanisa ndilo lililokubali, na kanisa halisomi uuguzi."

"Grace, kompyuta haioni kanisa. Inaona namba na malipo kamili."

"Basi rudisha pesa leo, bado siku mbili. Fungua faili. Kata ada ya usumbufu. Kata mara mbili."

"Hatuko sokoni."

"Tungekuwa sokoni tungekuwa tumeshamaliza."

Akavuta kiti karibu. "Umejuaje habari za kanisa?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo ukafanya nini?"

"Nilihesabu."

Alivua miwani akasugua macho. Siku hiyohiyo alipeleka jambo kwa Msajili Mkuu, ambaye nilimwona mara nne tu katika maisha yangu yote ya kazi. Jibu lilirudi siku ya kumi yenyewe, saa sita mchana, mistari miwili. Tukifungua faili hili, kila aliyelipa atataka lifunguliwe lake. Kwa idhini maalumu, mwanafunzi anaweza kuomba upya muhula ujao, akiwa na kibali hai cha mzazi.

Muhula ujao ulikuwa Januari. Kibali kiliisha Desemba. Nyumba ile ya wazee iliuzwa Novemba, na mwajiri mpya hakutaka kuandikia mtu barua yoyote. Hesabu hiyo haikuhitaji kufanywa mara mbili.

Jumapili baada ya siku ya kumi, Mzee Njagi alinishika mkono mlangoni pa kanisa. "Mama Mwende, safari hii hakuna friji!" Akanionyesha risiti, ameitia plastiki. "Moja kwa moja chuoni."

"Umefanya vizuri, Mzee," nikasema. Nifanyeje? Kiapo, tena. Ila niseme ukweli, siku hiyo hata bila kiapo nisingesema. Alifariki miaka mitatu baadaye akiamini amemsomesha Makena. Na ni kweli alimsomesha, wiki kumi na tano.

Januari, Makena alikuja kaunta na fomu ya kujiondoa. Fomu hiyo ilihitaji saini ya karani wa msamaha, sijui kwa nini. Labda chuo kilitaka kila mtu awe na alama yake pale. Alikuwa na alama za juu katika kila somo. Akasukuma fomu chini ya kioo, na mtoto huyu ambaye siku zote alinijibu kwa Kiingereza akaniuliza kwa Kiswahili:

"Auntie, siku ile kanisani, ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona hakuna haja ya kubishana. Nikasaini.

Nilifanya kazi miaka mingine sita. Nilipata bosi mpya, kisha mpya zaidi. Msajili Msaidizi alistaafu akaniachia mkebe wa njugu. Mihuri ikaondolewa, kila kitu kikaingia kwenye kompyuta, na mazuio yakawa yanabonyezwa na mashine kwa siku tano tu, hata uibembeleze vipi. Siku ya kuagwa kwangu walinipa keki na cheti chenye jina langu limeandikwa sawasawa. Mtu akasema katika hotuba kwamba Grace hakuwahi kukosea hesabu. Watu wakapiga makofi. Nilikula keki.

Sasa nakaa Flemingdon Park na vijana huniuliza nini cha kujifunza. Sina kubwa. Kiapo cha siri kinalinda watu, na siwezi kuwaambia mkivunje. Ila ningeweza kusimama siku ile nikasema maneno saba tu: pesa hizi apewe mama yake mkononi mwake. Maneno hayo hayamo katika faili lolote. Yangemchukiza Mzee Njagi, yangewafanya watu wanong'one kwamba Mama Mwende ana wivu, na mtoto angekuwa muuguzi. Niliogopa minong'ono. Nikaita woga wangu kiapo.

Makena na mama yake walipata ukaazi wa kudumu baadaye, baada ya kuhangaika sana. Lakini wakati huo Makena alikuwa na mtoto na kodi ya nyumba, na nafasi ya uuguzi haikumsubiri. Anafanya kazi ile aliyofanya mama yake, kuwageuza wazee vitandani na kuwalisha. Anajua dawa zao zote kwa majina. Haruhusiwi kuwapa.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda kwake Etobicoke kuomba ruhusa, kwa sababu faili ni lake. Alinipikia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Andika," akasema. "Lakini na mimi nina bei yangu."

"Sema."

"Andika na ulichotoa wewe siku ile. Usifiche."

Nilijaribu kupatana naye. Nikamwambia niandike tu kwamba nilitoa kama wengine. Akakataa. Nikamwambia niandike kwamba nilitoa kidogo. Akakataa, akanimiminia chai nyingine, akangoja.

Nilitoa dola arobaini. Noti mbili za ishirini, nilizihesabu mara mbili.